Kumtambua Kiwavi wa Kipepeo Katika Bustani

Mafundisho kwa wakulima wa viazi, matunda na mboga

1. SABABU YA MAFUNDISHO HAYA

Ndugu mkulima, jambo hili hutokea katika mashamba mengi. Mtu aingia bustanini mwake asubuhi, akuta majani ya viazi yamebaki mishipa mitupu, au miche ya michungwa aliyoitunza tangu mbegu imebaki vijiti. Hukasirika, akaua kila mdudu atambaaye mbele yake, au akakimbilia dukani kununua dawa asiyoijua. Baada ya majuma machache hasara hurudi ile ile. Maana wengi katika hao aliowaua hawakuwa adui zake, na adui mwenyewe alikuwa amekwisha kujificha.

Neno kuu la karatasi hii ni moja: mjue kiwavi kabla ya kumwua. Ukimjua mapema, mikono yako miwili yatosha kuilinda bustani ndogo bila gharama. Usipomjua, utawaua rafiki zako pamoja na adui zako, na adui ndiye atakayetangulia kurudi.

2. MAISHA YA KIPEPEO

Kipepeo hupita katika hali nne: kwanza ni yai, pili ni kiwavi, tatu ni pupa, na nne ni kipepeo mwenye mabawa. Hali hizi hazifanani hata kidogo, na kwa hiyo watu wengi hawatambui kwamba kipepeo mzuri arukaye juu ya maua ndiye mama wa kiwavi alaye majani.

Kipepeo mwenye mabawa hana taya za kutafuna. Ana mrija mrefu uliokunjwa chini ya kichwa, naye hunyonya maji matamu ya maua. Hawezi kutoboa jani. Mlaji ni kiwavi, na kazi yake ni kula na kukua. Ngozi yake haitanuki sana, basi kila anenepapo huivua kama nyoka avuavyo gamba. Huivua mara nne au zaidi, na pengine ngozi mpya huwa na rangi nyingine kabisa, hata mtu akadhani ameona wadudu wawili walio mbalimbali.

Akiisha kukua huacha kula, hujishikiza kwa uzi wa hariri autoao kinywani, na ngozi yake hupasuka mara ya mwisho. Hapo huonekana ganda lisilo na miguu wala kinywa. Hali hiyo ndiyo iitwayo pupa, wala haihusiani na pupa ya mtu mwenye haraka. Ndani ya ganda mwili hugeuzwa, na mwisho kipepeo hutoka, hukausha mabawa yake, akaruka.

Shika jambo moja hapa. Kiwavi hula sehemu kubwa ya chakula chake katika siku zake za mwisho. Kwa hiyo ukimwondoa angali mdogo umeyaokoa karibu majani yote ambayo angeyala. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

3. NAMNA YA KUTAFUTA

Tembea bustanini asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali, au jioni linapopungua. Kwa maana viwavi wengi hujificha mchana. Anza kwa kutafuta alama zake, nazo zitakupeleka alipo.

(a) Mavi ya kiwavi. Ni vidonge vidogo vya kijani au vyeusi. Ukivikuta juu ya jani, tazama majani yaliyo juu yake. Vikiwa vibichi, mwenyewe hayuko mbali.

(b) Majani yaliyoliwa. Kiwavi mkubwa huanza pembeni mwa jani, akala kuelekea kati. Viwavi wachanga hukwangua upande mmoja tu na kuacha utando mwembamba kama kioo.

(c) Nyuzi. Majani yaliyofungwa pamoja kwa utando mara nyingi huwa na viwavi ndani yake.

(d) Mayai. Geuza jani, utazame chini yake na juu ya machipukizi. Mayai mengine hutagwa moja moja, mengine kwa mamia mahali pamoja.

4. MASWALI MATATU YA KUMTAMBUA

Ukimwona kiwavi, usimwue kwanza. Jiulize maswali haya matatu.

Swali la kwanza: Yuko juu ya mmea gani? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Viwavi wengi wa vipepeo hula mimea ya jamaa moja tu. Kipepeo jike hutua, hulionja jani kwa miguu yake, na kama si mmea wake huenda zake. Kiwavi wa mchungwa hawezi kuishi kwa viazi, wala kiwavi wa viazi hawezi kuishi kwa mchungwa.

Swali la pili: Ana miguu mingapi? Kiwavi wa kipepeo ana miguu sita ya kweli karibu na kichwa, yaani jozi tatu. Nyuma yake ana miguu minene ya nyama, jozi nne chini ya tumbo na jozi moja mwishoni. Akiwa na jozi chache chini ya tumbo, naye hutembea kwa kukunja mgongo kama mtu apimaye kwa shibiri, basi huyo ni kiwavi wa nondo. Akiwa na jozi sita au zaidi za miguu ya nyama, hata si kiwavi wa kweli. Ni mtoto wa mdudu wa jamaa ya nyigu, ambaye huonekana sana juu ya kabeji na haradali, naye ni mweusi au wa kijivu. Asiye na miguu kabisa ni buu wa mdudu mwingine.

Swali la tatu: Ngozi yake na tabia yake ni nini? Tazama kama ni laini, au ana miiba, au ana manyoya. Kama ana pembe, na pembe iko mbele au nyuma. Kama anakaa peke yake au katika kundi. Usimguse kwa mkono mtupu kiwavi mwenye manyoya au miiba usiyemjua, kwa kuwa baadhi yao huwasha sana. Tumia kijiti.

5. KIWAVI WA MCHUNGWA

Kiwavi huyu huonekana juu ya mchungwa, mlimau, mndimu, mchenza na jamaa zao. Wataalamu humwita Papilio demodocus. Mama yake ni kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka mengi ya manjano. Mabawa yake yakitandazwa hufika sentimita 10 au zaidi, naye huyapigapiga hata anaponyonya ua. Kipepeo huyu ni mwenyeji wa Afrika, lakini michungwa asili yake ni Asia. Kabla haijaletwa, kiwavi alikula miti ya porini iliyo ya jamaa moja nayo, na mpaka leo huionekana juu ya miti hiyo.

Mayai hutagwa moja moja juu ya machipukizi mabichi. Ni ya mviringo, ya manjano hafifu, madogo kama kichwa cha pini. Kiwavi mchanga ni mweusi au kahawia mwenye baka jeupe mgongoni. Hulala wazi juu ya jani, nawe utadhani umeona mavi ya ndege. Hiyo ndiyo kinga yake, maana ndege hatafuti chakula katika mavi. Wakulima wengi humpita kila siku bila kumjua.

Akivua ngozi mara ya nne, hugeuka. Sasa ni wa kijani, mnene, mwenye mabega mapana na alama kama macho, na michirizi ya mshazari ubavuni. Urefu wake hufika sentimita 4 au 5. Rangi yake ni ya jani lenyewe, kwa hiyo fuata mavi yake.

Alama isiyokosea ni hii: mguse polepole kwa kijiti nyuma ya kichwa. Mara atatoa pembe laini yenye panda mbili, ya rangi ya chungwa, yenye harufu kali. Hiyo ni silaha ya kuwatisha siafu na ndege, mtu haimdhuru.

Sasa pima hasara. Mchungwa mkubwa wenye majani maelfu haujali viwavi kumi. Usipoteze siku yako juu yake. Lakini mche wa kitaluni, au mti uliopandwa mwaka huu, waweza kumalizwa majani yote na viwavi wachache kwa siku chache, na ukuaji wake ukachelewa sana. Kwa hiyo tembelea miche kila siku ya tatu wakati inapochipua, uyapondeponde mayai na kuwaokota viwavi.

6. KIWAVI WA VIAZI VITAMU

Huyu ni adui wa kweli wa chakula cha nyumbani, hasa katika nchi za Maziwa Makuu: Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo, magharibi ya Kenya na kaskazini magharibi ya Tanzania. Wataalamu humwita Acraea acerata. Mama yake ni kipepeo mdogo wa rangi ya chungwa mwenye pindo za kahawia. Ukiona wengi wakiruka chinichini juu ya matuta, anza kutazama majani siku ile ile.

Mayai yake ni ya manjano hafifu, nayo hutagwa mamia pamoja, juu ya jani au chini yake. Viwavi ni weusi wa kijani, na miili yao imejaa miiba laini yenye matawi. Kwa muda wa majuma mawili hivi ya kwanza hukaa pamoja ndani ya utando juu ya majani, wakikwangua upande wa juu. Baadaye hutawanyika. Kila mmoja huenda peke yake, mchana hujificha chini karibu na udongo, na usiku hupanda kula. Baada ya juma la tatu hivi hupanda juu ya kitu chochote kilicho karibu, wakawa pupa za kuning'inia.

Tazama jinsi maisha hayo yanavyomwonyesha mkulima wakati wa kazi yake. Katika majuma mawili ya kwanza adui wote wako mahali pamoja, ndani ya utando mmoja, nawe waweza kuwaangamiza mamia kwa kuchuma jani moja na kulikanyaga. Wakiisha kutawanyika huwapati tena. Mchana shamba huonekana halina mdudu, na kila asubuhi majani yamepungua. Mkulima aliyekawia hudhani amerogwa, kumbe walaji wako miguuni pake.

Hasara yake ni mara mbili. Majani yakiisha wakati viazi vingali vidogo, havinenepi. Tena marando ndiyo mbegu ya msimu ujao. Shamba likiliwa lote, utakwenda kuomba marando kwa jirani. Mashambulio makubwa hutokea hasa kiangazi kinapoanza, wakati ambapo jamaa nyingi hutegemea viazi vilivyo ardhini.

Basi, pita katika matuta mara moja kila juma, uchume majani yenye utando na yenye mayai, uyachome moto au kuyafukia sana. Panda mapema pamoja na mvua, ili viazi viwe vimekomaa kabla ya kiangazi. Kupanda vitunguu kati ya viazi pia hupunguza mayai yanayotagwa.

Katika shamba hilo hilo waweza kumkuta kiwavi mkubwa sana, mrefu kama kidole cha mtu mzima au kupita, wa kijani au kahawia, mwenye pembe moja ngumu nyuma, juu ya mkia. Huyo si wa kipepeo. Ni wa nondo mkubwa arukaye jioni, aitwaye Agrius convolvuli. Hula sana, lakini hukaa peke yake na huonekana kwa urahisi, mwokote. Kumbuka tofauti hii: pembe laini itokayo nyuma ya kichwa ni ya kiwavi wa mchungwa, na pembe ngumu ya mkiani ni ya nondo wa viazi.

7. KIWAVI WA KUNDE NA MBAAZI

Ukiona ganda la kunde, mbaazi, njegere au maharagwe lina tundu la mviringo, lipasue. Pengine utamkuta kiwavi mfupi, bapa, wa kijani au kahawia, kama konokono asiye na nyumba, amekula mbegu. Huyo ni mtoto wa kipepeo mdogo wa buluu mwenye vimkia viwili vyembamba kama nywele, aitwaye Lampides boeticus. Mayai yake hutagwa moja moja juu ya vichomozo vya maua.

Lakini ukikuta maua na maganda yamefungwa pamoja kwa nyuzi, na ndani yake kiwavi mweupe mwenye safu za madoa meusi, huyo ni wa nondo, tena ndiye mwenye hasara kubwa zaidi. Kwa wote wawili, chuma maua na maganda yaliyotobolewa, uyaondoe shambani. Usiyatupe kati ya mistari.

8. KIWAVI MDOGO WA KABEJI

Mkulima wa kabeji na sukuma wiki humlaumu kipepeo, lakini katika nchi zetu mharibifu mkubwa ni nondo mdogo wa kijivu, aitwaye Plutella xylostella. Akitulia na kukunja mabawa, mgongoni huonekana mabaka meupe yaliyoungana kama almasi. Kiwavi wake ni wa kijani hafifu, mwembamba pande zote mbili, hazidi sentimita 1 kwa kawaida. Mguse: atajinyonganyonga akirudi nyuma, kisha ataanguka akining'inia kwa uzi. Jani alilolila huwa na madirisha, maana huacha utando wa upande mmoja.

Mdudu huyu huzoea dawa upesi. Alikuwa miongoni mwa wadudu wa kwanza wa mazao walioonekana kuishinda DDT, huko Java, mapema katika miaka ya 1950. Anayenyunyiza dawa ile ile kila juma humfundisha kuivumilia.

9. WASIOSTAHILI KUUAWA

Kiwavi wa magugu ya maziwa. Juu ya magugu yenye utomvu mweupe utamwona kiwavi mwenye mistari myeusi, myeupe na ya manjano, na jozi tatu za nyuzi nyeusi mgongoni. Huyu ni mtoto wa kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa zenye madoa meupe. Hagusi mazao yako. Mwache.

Kiwavi aliyebeba vifuko. Pengine utamkuta kiwavi mlegevu, na juu yake au kando yake vifuko vidogo vyeupe kama punje za mchele. Watu hudhani ni mayai yake. Sivyo. Ni vifuko vya nyigu wadogo waliokua ndani ya mwili wake na kumla. Ukimponda, umewaponda walinzi wako. Mwache papo hapo.

Buu katikati ya vidukari. Asiye na miguu, alalaye kati ya vidukari, ni mtoto wa nzi wa maua. Mwenye miguu sita mirefu, mweusi mwenye madoa ya chungwa, ni mtoto wa mbawakawa mdogo mwenye madoa. Wote wawili hula vidukari mchana kutwa.

10. NAMNA YA KUHAKIKISHA

Ukiwa na shaka, mfuge mmoja. Mtie katika chupa yenye mdomo mpana au mkebe, pamoja na kijiti cha kupandia. Funika kwa kitambaa chepesi, weka kivulini, na kila siku mpe majani mabichi ya mmea ule ule uliomkuta, na kutoa mavi yake. Akijishikiza wazi pasipo kifuko, mara nyingi ni kipepeo. Akijisokotea kifuko cha hariri, au akitafuta udongo wa kuingia, yamkini ni nondo. Wakitoka nyigu au nzi badala ya kipepeo, umejua kwamba shamba lako lina walinzi, nawe usiwamalize kwa dawa. Kazi hii yafaa sana kufanywa na watoto.

Kujua kiwavi gani hula jani gani kwaweza hata kumpa mtu fedha. Huko Gede, pwani ya Kenya, mradi uitwao Kipepeo ulianzishwa mwaka 1993 kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Wakulima walifundishwa kufuga vipepeo wa msitu na kuuza pupa zao, zikapelekwa ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho. Mdudu aliye adui katika kitalu cha mmoja aweza kuwa mfugo kwa mwingine. Ujuzi ndio unaowatenga.

11. HABARI YA DAWA

Dawa iwe ya mwisho. Zamani wakulima walishauriwa kunyunyiza DDT juu ya mazao. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliizuia isitumiwe mashambani, ikaachwa kwa kazi ya kupigana na wadudu waenezao maradhi. Usinunue unga usio na jina wala maji yaliyotiwa katika chupa ya soda. Ikiwa mikono haikutosha, mpelekee Bwana Shamba kiwavi mwenyewe katika chupa pamoja na jani alilokuwa akila, umwulize dawa iliyoruhusiwa, kipimo chake, na siku za kungoja kabla ya kuvuna.

12. MAAGIZO KWA KIFUPI

Tembelea bustani yako yote walau mara moja kwa juma, na miche ya michungwa kila siku ya tatu.
Fuata mavi, majani yaliyoliwa, nyuzi na mayai.
Uliza mmea, miguu, kisha ngozi na tabia.
Juu ya viazi, ondoa utando kabla viwavi hawajatawanyika.
Juu ya mchungwa, linda miche. Mti mkubwa hujitunza.
Mwache kiwavi mwenye vifuko vyeupe, na wote wasiokula mazao yako.
Ukiwa na shaka, mfuge kwanza.

Anza kesho asubuhi kwa tuta moja la viazi au mche mmoja wa mlimau. Geuza majani yake yote, uhesabu unayoyaona, na juma lijalo uhesabu tena.